DAWA YA MOTO NI MOTO: UKAMBI UNAPOPAMBANA NA SARATANI

Wahenga walinena kwamba dawa ya moto ni moto. Nilipokuwa mdogo nilidhani methali hiyo ni ya watu wapendao ugomvi tu. Kumbe hata madaktari wana yao! Leo nimeshika kalamu nikueleze jinsi ugonjwa mmoja unavyoweza kutumiwa kupigana na ugonjwa mwingine.

Kwanza niseme kilichonisukuma kuandika. Nyanya yangu anaugua saratani ya uboho, yaani ile inayoanzia ndani ya mifupa, mahali damu inapotengenezwa. Siku moja shangazi alifika nyumbani akihema. "Mmesikia? Ati kuna Wazungu wamegundua ukambi unaponya kansa! Na yule mtoto wa jirani si ana ukambi? Tumpelekeni mama akakae naye!" Wengine waliguna, wengine wakaitikia. Nyanya akanigeukia. "Mjukuu wangu, wewe ndiye unayesoma Bayolojia. Wasemaje?"

Nilinyamaza kama maji mtungini. Sikujua la kusema. Aibu iliyonipata siku hiyo ndiyo iliyonipeleka maktabani na kwa mwalimu wetu wa Bayolojia, na haya ndiyo niliyoyapata.

Tuanze na kirusi. Kirusi ni kidogo mno, hakionekani hata kwa darubini tunayotumia hapa shuleni. Peke yake hakiwezi kuzaana. Ni lazima kiingie ndani ya seli ya kiumbe kingine, kiiteke nyara kama majambazi wanavyoteka matatu, kisha kiilazimishe kutengeneza virusi vingine kama chenyewe. Mara nyingi seli hiyo hufa, na virusi vipya hutoka kwenda kuteka seli nyingine.

Saratani nayo si mgeni kutoka nje. Ni seli zetu wenyewe zilizoasi, zikawa zinagawanyika ovyo bila kusikia amri. Lakini hapa pana siri. Seli nzima ikivamiwa na kirusi hupiga nduru, na majirani zake hufunga milango. Seli nyingi za saratani, katika kule kuasi kwao, zimepoteza uwezo huo wa kupiga nduru. Basi kirusi kikiingia humo, hustarehe na kuzaana kitakavyo. Ndipo wanasayansi wakajiuliza: je, hatuwezi kupata kirusi kitakachoua seli zilizoasi na kuziacha zile nzima?

Utashangaa kusikia kwamba dokezo moja la jambo hili lilitoka hapa hapa jirani, Uganda. Huko ndiko daktari mpasuaji Denis Burkitt alikofanya kazi, naye mwaka wa 1958 aliandika habari za uvimbe wa saratani unaowapata watoto, ambao leo unaitwa kwa jina lake. Mwaka wa 1971 madaktari wawili waliokuwa Kampala, Bluming na Ziegler, waliandika katika jarida la The Lancet kuhusu mvulana wa miaka 8 aliyekuwa na uvimbe huo jichoni. Mvulana huyo alishikwa na ukambi, au surua kama wengine wanavyouita. Vipele vilipotoka, uvimbe nao ukaanza kunywea!

Shangazi angesikia hapo tu, angesema, "Si niliwaambia?" Lakini subira, msomaji. Ukambi wa kuambukizwa njiani si dawa. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka wa 2023 ukambi uliwaua watu zaidi ya 107,000, wengi wao wakiwa watoto wa chini ya miaka mitano. Huwezi kumtibu mtu kwa kitu ambacho kinaweza kumzika.

Hapa ndipo anapoingia Daktari Stephen Russell wa Mayo Clinic, huko Rochester, Minnesota, Marekani. Yeye na wenzake hawakutumia ukambi mkali. Walichukua ule uliofugwa kwa ajili ya chanjo. Kirusi hicho kilitolewa mwaka wa 1954 katika damu ya mvulana wa shule iliyo karibu na Boston, David Edmonston, na watafiti Enders na Peebles. Kilikuzwa maabarani mara nyingi katika seli za watu na za kuku mpaka kikapungua ukali. Na katika kufugwa huko kilijifunza kuingia kwenye seli kupitia mlango mmoja uitwao CD46. Milango hiyo imejaa tele juu ya seli nyingi za saratani, zikiwemo zile za saratani ya uboho.

Kisha wakakifanyia ufundi. Walikiongezea jeni moja ya binadamu, ile inayoiwezesha tezi ya shingoni kuvuta iodini kutoka kwa damu. (Ndiyo tezi inayovimba ikawa rovu mtu akikosa chumvi yenye iodini.) Faida yake ni nini? Seli yoyote ya saratani iliyoingiwa na kirusi hicho huanza nayo kuvuta iodini. Mgonjwa akipewa kiasi kidogo cha iodini yenye mionzi, madaktari huona kwenye picha kirusi kimefika wapi. Ni sawa na kumfunga mbwa wa kuwinda kengele shingoni ili ujue yuko kichaka gani.

Mwaka wa 2014 walitangaza matokeo ya wagonjwa wawili ambao dawa za kawaida zilikuwa zimewashinda. Kila mmoja alitiwa virusi bilioni 100 kwenye mshipa kwa mara moja tu. Kipimo hicho chatosha kuchanja watu kama milioni 10! Walipata homa kali, lakini madhara hayo yaliisha katika wiki ya kwanza. Wote wawili walipata nafuu. Mmoja, mwanamke wa miaka 49, dalili zote za saratani zilitoweka mwilini kwa miezi kadhaa. Yule mwingine nafuu yake haikudumu.

Sasa sikiliza kwa makini, maana hapa ndipo moyo wangu ulipouma. Wagonjwa hao wawili walichaguliwa kwa sababu damu yao haikuwa na askari wa kupigana na ukambi. Mtu aliyewahi kuugua ukambi, au aliyechanjwa vizuri, ana askari hao wengi. Virusi vikitiwa mshipani, askari huvimaliza kabla havijafika kwenye saratani. Na nyanya yangu aliugua ukambi akiwa msichana mdogo, kabla chanjo haijafika kwetu.

Watafiti wenyewe wanalijua tatizo hili. Russell na wenzake wamegeukia pia kirusi kingine, kinacholeta kwa ng'ombe na farasi wa Amerika vidonda vya mdomoni, kwa kuwa ni watu wachache waliowahi kukutana nacho. Tena njia hii si ndoto tu: mwaka wa 2015 Marekani iliidhinisha dawa iliyotengenezwa kutokana na kirusi cha malengelenge ya mdomo, ya kudungwa kwenye saratani ya ngozi. Lakini ile ya ukambi bado ni ya majaribio. Hakuna duka la dawa utakaloipata. Akija mtu akakuambia anayo, mfunge mfuko wako!

Basi nilirudi nyumbani nikawaeleza wote. Nilimwambia shangazi kwamba ukambi wa mtoto wa jirani si ule wa maabarani, na kwamba mgonjwa wa saratani asiye na kinga akiambukizwa anaweza kufa. Nikamwomba pia asiache kumpeleka mtoto wake kliniki kwa chanjo ya miezi 9 na ile ya miezi 18, asije akadhani ukambi umekuwa rafiki. Alinuna kidogo, halafu akakubali.

Nyanya alinisikiliza mpaka mwisho. "Kwa hivyo," akasema, "ukambi ulioniacha hai utotoni ndio unaonizibia njia leo?" Nikajibu, "Ndiyo, nyanya." Akacheka, akaniambia nimletee vidonge vyake vya hospitali na maji.

Wenzangu wa kidato cha tatu mnaosema Bayolojia ni ya kukariri tu, shikeni sana vitabu. Siku moja mtaulizwa swali nyumbani, wala halitakuwa la mtihani. Hapa naiweka kalamu chini. Wasalaam.