Jeon Ga-eul: Miaka 15 ya mshambuliaji aliyesema soka ya wanawake ni upweke

Mwezi Mei mwaka 2015, siku chache kabla ya timu ya taifa ya wanawake ya Korea Kusini kuondoka kwenda Kanada kwenye fainali za Kombe la Dunia, ilifanyika hafla ya kuwaaga wachezaji jijini Seoul. Kwa kawaida hafla kama hizo hujaa tabasamu, picha na ahadi za ushindi. Zamu ya kuzungumza ilipomfikia mshambuliaji Jeon Ga-eul, sauti ilimkwama na machozi yakamtoka. Alisema kwamba kuishi kama mchezaji soka wa kike nchini mwake kulikuwa na upweke, na kwamba wenzake wote walikuwa wamejitahidi sana hadi kufika pale.

Maneno hayo yalienea nchini kote kwa sababu yalitamka jambo ambalo wengi walilijua lakini hawakulisema. Korea Kusini ni nchi inayoipenda soka. Mwaka 2002, ilipoandaa Kombe la Dunia la wanaume pamoja na Japani, mamilioni ya watu walifurika barabarani wakiwa wamevalia mavazi mekundu, na timu yao ikafika nusu fainali. Wakati huo Jeon alikuwa msichana wa miaka 13. Hata hivyo, mapenzi hayo hayakuwafikia wanawake waliocheza mchezo uleule. Makala hii inaeleza safari ya mchezaji huyo, ambaye amekwisha kutundika daluga, na kwa nini machozi yake bado yanakumbukwa.

Mwanzo mgumu

Ili kuuelewa upweke alioutaja Jeon, inafaa kwanza kutazama soka ya wanawake ya Korea Kusini ilikoanzia. Timu ya kwanza ya taifa iliundwa mwaka 1990, kwa haraka, kwa kuwa mchezo huo ulikuwa umeingizwa katika Michezo ya Asia ya Beijing. Wachezaji wa kutosha hawakuwapo. Baadhi yao walichukuliwa kutoka michezo mingine, kama vile riadha, mpira wa magongo na mpira wa mikono, wakafundishwa kuucheza mpira kwa miguu. Mwezi Septemba mwaka huo, timu hiyo ilicheza mechi yake ya kwanza ya kimataifa dhidi ya jirani yake Japani jijini Seoul. Ilifungwa mabao 13 kwa 1.

Mwaka 2003 Korea Kusini ilifuzu kwa mara ya kwanza kucheza fainali za Kombe la Dunia za wanawake, zilizofanyika nchini Marekani. Ilipoteza mechi zote tatu, dhidi ya Brazil, Ufaransa na Norway, ikafunga bao moja na kufungwa 11. Baada ya hapo ilikosa fainali za mwaka 2007 na zile za mwaka 2011. Kwa mchezaji aliyeanza kuichezea timu ya taifa katika kipindi hicho, kuvaa jezi ya nchi kulikuwa heshima kubwa, lakini wananchi waliokuwa wakitazama walikuwa wachache.

Kizazi kipya

Jeon alizaliwa mwaka 1988. Jina lake, Ga-eul, katika lugha ya Kikorea ni neno linalotaja majira ya majani kupukutika. Aliichezea timu ya taifa ya wakubwa kwa mara ya kwanza mwaka 2007. Alikuwa mchezaji wa safu ya mbele mwenye kasi, aliyeweza kucheza pembeni au nyuma ya mshambuliaji wa kati, na hasa alisifika kwa ustadi wa kupiga mipira ya adhabu.

Mwaka 2009 ulikuwa wa mabadiliko. Ligi ya kitaifa ya wanawake, iitwayo WK League, ilianzishwa mwaka huo. Katika majira ya joto, timu ya Korea Kusini ilishiriki michezo ya kimataifa ya wanafunzi wa vyuo vikuu mjini Belgrade, nchini Serbia, na kutwaa medali ya dhahabu kwa kuifunga Japani mabao 4 kwa 1 katika fainali. Jeon aliibuka mfungaji bora wa mashindano hayo. Hazikuwa zimepita hata miaka 20 tangu kipigo kile cha mabao 13.

Mwaka uliofuata mambo mema yalifuatana. Timu ya vijana wa chini ya umri wa miaka 20 ilichukua nafasi ya tatu duniani, na ile ya wasichana wa chini ya miaka 17 ikatwaa ubingwa wa dunia nchini Trinidad na Tobago kwa kuishinda Japani kwa mikwaju ya penalti. Timu ya wakubwa, Jeon akiwa miongoni mwa wachezaji wake, ilirudi na medali ya shaba kutoka Michezo ya Asia ya Guangzhou, nchini China.

Wengi walidhani kwamba baada ya mafanikio hayo viwanja vingejaa. Haikuwa hivyo. Mechi za ligi ya wanawake zilichezwa jioni za siku za kazi, na ingawa watazamaji waliruhusiwa kuingia bure, viti vingi vilibaki vitupu. Kwa miaka mingi kanuni za ligi ziliweka kikomo cha mshahara cha won milioni 50 kwa mwaka, hata kwa nyota wa timu ya taifa. Klabu ya Jeon, Hyundai Steel ya mjini Incheon, ilianza kutawala ligi hiyo mwaka 2013 na kutwaa ubingwa mara 11 mfululizo hadi mwaka 2023. Lakini ubingwa huo haukumfanya mchezaji atambuliwe barabarani.

Hapo ndipo maneno ya Jeon yanapoeleweka. Upweke aliouzungumzia ulikuwa ule wa mtu anayefanya kazi yake kwa bidii, akaifanya vizuri, kisha akatazama majukwaani na asione mtu.

Majira ya joto ya mwaka 2015

Fainali za Kanada zilianza vibaya kwa Korea Kusini, ambayo ilifungwa na Brazil mabao 2 bila jibu mjini Montreal. Katika mechi ya pili dhidi ya Kosta Rika, Ji So-yun alisawazisha kwa penalti, na dakika chache baadaye Jeon akaunganisha kwa kichwa krosi ya Kang Yu-mi. Bao hilo liliiweka Korea Kusini mbele kwa mabao 2 kwa 1. Ushindi wa kwanza katika historia ya nchi hiyo kwenye Kombe la Dunia la wanawake ulikuwa karibu kabisa, lakini Kosta Rika walisawazisha dakika ya 89.

Ikabaki mechi ya mwisho ya kundi, dhidi ya Uhispania, mjini Ottawa. Uhispania walitangulia kufunga katika kipindi cha kwanza. Katika kipindi cha pili nahodha Cho So-hyun alisawazisha kwa kichwa, na dakika ya 78 Kim Soo-yun, ambaye ni beki, akafunga bao la pili kwa mpira mrefu ulioelekea kama krosi na kumpita kipa. Katika dakika za majeruhi Uhispania walipiga mpira wa adhabu uliogonga mwamba wa juu. Filimbi ilipopulizwa, Korea Kusini ilikuwa imepata ushindi wake wa kwanza katika mashindano hayo na kuingia hatua ya 16 bora. Safari iliishia hapo, kwa kufungwa na Ufaransa mabao 3 kwa 0.

Kwa Jeon mwaka huo ulikuwa bado na jambo moja. Mwezi Agosti, katika Kombe la Asia Mashariki mjini Wuhan, nchini China, Korea Kusini ilikutana na Japani. Mwezi mmoja kabla yake Japani walikuwa wamecheza fainali ya Kombe la Dunia, ingawa kikosi walichokipeleka Wuhan kilikuwa na sura nyingi mpya. Japani walitangulia kufunga, Cho So-hyun akasawazisha. Katika dakika za majeruhi Jeon, aliyekuwa ametokea benchi, aliuweka chini mpira wa adhabu, akapinda shuti lililopita juu ya ukuta wa mabeki na kutua wavuni. Mechi ikaisha kwa mabao 2 kwa 1. Mpaka leo bao hilo hutajwa kati ya mabao mazuri zaidi ya timu hiyo.

Kutafuta uwanja wenye watu

Mwanzoni mwa mwaka 2016 Jeon alisajiliwa na klabu ya Western New York Flash, akawa Mkorea wa kwanza kujiunga na ligi kuu ya wanawake ya Marekani. Safari hiyo haikuwa rahisi. Hakupata nafasi ya kucheza sana, na baadaye alikwenda kwa mkopo katika klabu ya Melbourne Victory nchini Australia, kisha akarejea nyumbani. Mwaka 2018 alikuwamo katika kikosi kilichopata medali ya shaba kwenye Michezo ya Asia nchini Indonesia. Ilikuwa medali ya tatu mfululizo ya shaba kwa nchi yake katika michezo hiyo.

Mwezi Januari 2020, akiwa na umri wa miaka 31, wakati ambapo wachezaji wengi huanza kufikiria kupumzika, alihamia Uingereza katika klabu ya Bristol City, na baadaye akachezea Reading. Ji So-yun alikuwa amemtangulia huko kwa miaka sita, akiwa Chelsea. Kwa wachezaji wa kizazi hicho, kwenda nje kulikuwa na maana zaidi ya fedha. Walikwenda kuona jinsi mchezo wao unavyoendeshwa mahali ambapo una watazamaji.

Kuaga wakati wa mapumziko

Tarehe 3 Septemba 2022, Korea Kusini ilicheza mechi ya kirafiki dhidi ya Jamaika mjini Hwaseong na kushinda kwa bao 1 kwa 0. Wakati wa mapumziko Jeon aliingia uwanjani kuagwa rasmi. Alikuwa ameichezea timu ya taifa mechi 101 na kufunga mabao 38.

Hali ya soka ya wanawake nchini Korea Kusini haijabadilika kabisa. Wasichana wanaojiandikisha kucheza bado ni wachache wakilinganishwa na wale wa Japani, na viwanja vya ligi bado havijai. Lakini kuna tofauti moja. Wachezaji wa leo hueleza waziwazi mahitaji yao, kuanzia mishahara na safari hadi ubora wa viwanja, na vyombo vya habari huwasikiliza. Kabla ya Mei 2015, mambo hayo yalisemwa chini chini katika vyumba vya kubadilishia nguo. Mmoja wao aliyasema mbele ya kamera huku akilia, kisha akaenda Kanada na kufunga bao.