Je, Wajua? Sindano Inayofika Ndani ya Mfupa

Mau Narok iko zaidi ya mita 2,500 juu ya usawa wa bahari. Oksijeni ni haba huko, kwa hiyo figo za mkulima wa ngano au viazi hutoa homoni ya erithropoietini, inayouhimiza uboho ulio ndani ya mifupa uongeze chembe nyekundu za damu. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani hutaka kiwango cha damu kipimwe kwa kuzingatia mwinuko: damu inayomtosha mtu wa Mombasa yaweza kuwa pungufu kwa mtu wa Mau.

Mara nyingi damu ya mkononi hutosha kuonyesha chanzo cha upungufu. Lakini chembe za aina zote zikipungua pamoja, au chembe changa zikionekana zimetoka kabla ya wakati, daktari hana budi kutazama uboho wenyewe.

Kwa mtu mzima huchotwa nyuma ya nyonga, juu ya kalio. Wanaoogopa kupooza wajue hili: sindano haigusi uti wa mgongo. Mgonjwa hulala ubavu, magoti kayakunja. Ngozi na utando wa mfupa hutiwa ganzi, kisha sindano nene huzungushwa huku na huku kama keekee mpaka izame. Ganzi haifiki ndani ya mfupa, kwa hiyo uboho unapovutwa huuma sana, pengine hadi pajani, kwa sekunde chache. Mgonjwa ana haki ya kuambiwa hayo mapema, bila kufichwa.

Kinachotoka hufanana na damu. Kikimwagwa kwenye kioo, mtaalamu wa maabara hutafuta kwanza punje ndogo zenye mafuta. Zisipokuwepo, huenda amepewa damu tupu. Baadaye hukatwa kijiti cha mfupa cha sentimita moja au mbili, mara nyingi kwa sindano yenye jina la Khosrow Jamshidi, daktari mzaliwa wa Iran.

Hadubini ndiyo huonyesha saratani za damu kama lukemia na mieloma, au uboho uliokauka ukabaki mafuta. Huko Baringo, kaskazini ya Nakuru, huweza kuonyesha pia vimelea vya kala-azar, ugonjwa unaovimbisha wengu. Vimelea huonekana zaidi kwenye wengu, lakini kuuchoma kwaweza kumwaga damu tumboni, hivyo uboho ni salama zaidi. Siku hizi wengi hupimwa kwa tone la damu ya kidoleni. Ila kipimo hicho huendelea kuonyesha ugonjwa miezi mingi baada ya mtu kupona, kwa hiyo homa ikirudi baada ya tiba, sindano ya nyonga huhitajika tena.