Umeanguka na baiskeli ndani ya nyumba? Usicheke bado

Tuseme ukweli. Kuanguka na baiskeli barabarani kuna heshima yake. Mama mboga anakuletea maji, mtu wa boda anasimama kukuuliza kama umevunjika. Lakini kuanguka na baiskeli chumbani mwako, ukiwa na kaptura na soksi, hujasonga hata hatua moja? Hiyo humwambii mtu.

Mimi nakuambia kwa sababu ilinipata, na aibu hiyo nusura inipeleke barabarani na baiskeli iliyovunjika.

Kama hujawahi kuona treina, ni hivi. Ni kifaa cha chuma chenye miguu, kinachobana ekseli ya gurudumu la nyuma pande zote mbili na kuliinua kidogo kutoka sakafuni. Tairi linakaa juu ya rola. Unakanyaga pedali, gurudumu linazunguka, jasho linatiririka, na wewe bado uko pale pale kando ya kitanda.

Nilinunua yangu ya mtumba wakati wa mvua za masika. Naishi Kawangware, na kukinyesha huku hujui dimbwi ni dimbwi tu au ni shimo la kukumeza gurudumu zima. Miguu ndiyo kazi yangu. Napeleka chakula na vifurushi Lavington na Kilimani kwa baiskeli, na nikilegea wiki mbili, mlima wa kwanza unanikumbusha.

Baiskeli yenyewe si yangu. Ni ya binamu yangu aliyeenda Doha kutafuta. Aliniachia akasema, "Itumie, lakini itunze." Hilo liweke akilini.

Sasa, ndani ya ekseli ya nyuma ya baiskeli kama hii kunapita fito nyembamba yenye mkono wa kukazia upande mmoja. Treina ya aina yangu inahitaji fito nzito ya chuma, yenye ncha zinazoingia sawasawa kwenye vikombe vya treina. Yangu ilikuja bila. Nikatumia ile nyepesi ya baiskeli. Nikasema, si itashika tu?

Ilishika siku tisa. Siku ya kumi nikasimama kwenye pedali nimalizie kwa nguvu, nikasikia "ta!" Upande wa kulia ukachomoka, wa kushoto ukabaki umebanwa, baiskeli ikajipinda na kulala upande wa gia, juu ya mtungi wa gesi wa kilo 6. Mimi nikaangukia ndoo. Jirani akagonga ukuta kuuliza kuna nini. Nikamjibu, "Hakuna kitu!"

Nikaiinua, nikaiangalia kwa tochi ya simu. Mkwaruzo kwenye mkono wa breki, basi. Nikajiambia iko poa, kesho kazi.

Hapo ndipo wengi wetu tunakosea. Tunafikiri bila mwendo hakuna ajali. Lakini baiskeli iliyobanwa upande mmoja ikaanguka upande mwingine inapindwa kwa namna ambayo haipindwi barabarani. Barabarani ingeteleza. Chumbani haina pa kwenda, uzito wako wote unaishia nyuma, pale ilipobanwa.

Kwa hivyo ikikupata, fanya hivi kabla ya kuipanda tena.

Ioshe kwanza

Chukua kitambaa chenye maji na sabuni kidogo, uifute yote, hasa nyuma na chini. Ufa hupenda kujificha kwenye vumbi na grisi. Huwezi kukagua kitu usichokiona.

Fremu

Anza pale treina ilipobana, kwenye zile ncha mbili za fremu zinazoshika gurudumu la nyuma. Panda na vyuma viwili vinavyotoka hapo, kimoja hadi kwenye pedali na kingine hadi chini ya kiti. Angalia kila mahali palipochomelewa. Malizia kwenye bomba la juu, maana usukani ukizunguka kwa nguvu huweza kuligonga.

Unatafuta mbonyeo, rangi iliyokunjamana, au mstari mwembamba kama unywele. Pitisha ukucha. Kisha chukua pamba, uiburute taratibu juu ya mstari huo. Pamba ikiacha nyuzi, kuna kitu kinazinasa, na rangi iliyochorwa tu hainasi.

Fremu yako ni ya nini? Kama ni ya chuma, fundi mzuri mara nyingi anaweza kuinyoosha. Alumini haitaki mchezo huo, kwani ukiipinda na kuirudisha unaidhoofisha. Kaboni ndiyo yenye siri kuliko zote, maana nje inaweza kung'aa na ndani imeachana. Igonge polepole kwa sarafu, ukilinganisha mahali pazima na palipogongwa. Sauti kali ikigeuka butu ghafla, usiipande hadi anayejua kaboni aione. Na sauti ikiwa sawa pia si cheti, ni dalili moja tu.

Gurudumu na fito

Inua nyuma, zungusha gurudumu, kodolea macho nafasi kati ya rimu na raba za breki. Ikipanuka na kubana kila mzunguko, rimu imepinda. Breki zako ni za diski? Shikilia kalamu kwenye fremu ikaribie rimu, utaona vilevile.

Bana spoki mbili mbili kwa vidole ukizunguka gurudumu lote. Iliyolegea kuliko wenzake wa upande huo utaijua. Kisha shika tairi ulisukume kushoto na kulia. Likicheza, kuna shida kwenye beringi au ekseli. Mwisho chomoa ile fito, uibiringishe mezani. Ikirukaruka, imepinda, itupe.

Gia

Kama iliangukia kulia, simama nyuma yake uchuchumae. Vile vigurudumu viwili vidogo vya gia vinafaa kuwa kwenye mstari mmoja wima, sambamba na gurudumu. Cha chini kikiingia ndani kuelekea spoki, ujue hanga imepinda. Hanga ni kipande kidogo kinachoshikilia gia kwenye fremu. Kwenye baiskeli nyingi za alumini na kaboni hufungwa kwa skrubu na hutengenezwa kiwe laini makusudi, kiumie chenyewe badala ya fremu.

Usidharau hili. Hanga ikiwa imepinda, siku utakayoweka gia nyepesi kabisa ya mlimani, gia itaingia kwenye spoki. Gurudumu linaweza kujifunga papo hapo, na matatu iliyo nyuma yako haitajua.

Usukani, breki, tairi

Bana gurudumu la mbele katikati ya mapaja, uone kama usukani umenyooka nalo. Kisha bana breki ya mbele na usukume baiskeli mbele na nyuma. Ukisikia kitu kinagonga shingoni, beringi za hapo zimelegea. Mikono ya breki ikiwa imezunguka, irudishe, lakini usikaze kwa hasira. Skrubu nyingi za hapo zimeandikwa nguvu ya kukazia, mara nyingi 5 Nm, na hiyo ni ndogo kuliko unavyodhani.

Tairi la nyuma pia liangalie. Rola hulila katikati likawa bapa na kung'aa, na kwenye lami yenye maji hilo linateleza. Na jasho lako lina chumvi. Skrubu za usukani zikianza kutu, ni wewe.

Ukimaliza, usiingie barabarani. Isukume kwanza kwa mkono. Halafu iendeshe polepole kwenye uwanja mtupu, jaribu breki zote, pitia gia zote moja moja, ukisikiliza.

Mimi sikufanya hata moja kati ya haya. Asubuhi nilitoka nayo naisukuma, nikapita kwa fundi wangu pale stejini anijazie upepo tu. Ni mzee wa makamo, hana duka, ana mwavuli na sanduku la spana.

"Habari ya asubuhi, mzee."

"Nzuri, kijana yangu. Hii imeanguka wapi?"

Sikuwa nimemwambia kitu. Alikuwa amechuchumaa nyuma, anaangalia gia.

"Nyumbani," nikasema. "Ndani."

Hakucheka. Aliifungua gia, akachukua gurudumu bovu la zamani, akaparafuja ncha ya ekseli yake kwenye tundu la hanga. Nyuzi zinaingiana, zote ni za milimita 10. Akaliacha gurudumu hilo lisimame sambamba na langu, akapima nafasi kati ya rimu mbili juu, chini, mbele na nyuma. Juu vidole viwili, chini kidole kimoja. Akashika gurudumu bovu kama usukani, akavuta taratibu, akapima tena. Dakika kumi, hanga ikanyooka.

Nikatoa mia mbili. Hakuzipokea.

"Ngoja. Hapa pia."

Kwenye ncha ya kulia, karibu na pale treina ilipobana, kulikuwa na mstari. Nilikuwa nimeuona usiku nikasema ni mkwaruzo. Alipitisha pamba ikanasa. Akakwangua rangi kidogo kwa kisu, akanipa nione mwenyewe. Mstari uliendelea chini ya rangi. Sehemu yake ilikuwa nyeupe inayong'aa, mpya kabisa. Lakini nusu nyingine ilikuwa nyeusi, imejaa uchafu.

"Huu mweupe ni wa jana," akasema. "Huu mweusi umekuwa nao muda."

Nilikaa kwenye kiti chake cha mbao. Wiki nzima iliyotangulia nilikuwa nimeteremka Waiyaki Way kwenda Westlands na chakula cha watu mgongoni, malori kando yangu, na ufa ulikuwa unatembea polepole chini yangu.

"Si unaweza kuchomelea?" nikamuuliza.

"Naweza kuchomelea ishike. Siwezi kuchomelea upande juu yake. Alumini ikishapigwa moto hivi hivi inapoteza nguvu. Sitaki kusikia jina lako mahali."

Mia mbili akazichukua za hanga, akasema hanga bado ni nzuri, nitaitumia siku nikipata fremu inayolingana nayo.

Siku hiyo sikufanya kazi, na mwezi huo kodi nililipa vipande vipande. Lakini lililonikaa kooni lilikuwa simu ya Doha. Nilizunguka ploti mara tatu kabla ya kupiga. Nilitaka kusema iligongwa. Nilitaka kusema ni barabara mbovu. Mwishowe nikasema ilivyokuwa: treina, fito, mtungi wa gesi, ufa mweusi na ufa mweupe.

Kimya.

"Uliipanda baada ya kuanguka?" akauliza.

"Hapana."

"Sawa. Huo mweusi naufahamu. Niliruka nayo ukingo wa barabara mwaka ule kabla nisafiri, sikuwahi kuangalia." Akavuta pumzi. "Toa magurudumu, gia na breki, weka chini ya kitanda. Fremu tutatafuta ya mtumba."

Kwa sasa iko hivyo, vipande vipande chini ya kitanda, na mimi naazima baiskeli ya jirani, yule aliyegonga ukuta, siku ambazo haitumii. Kila Jumapili naigeuza juu chini, naifuta, napitisha pamba. Ananiangalia tu. Wiki iliyopita aliniuliza kama pamba yangu imebaki, ana baiskeli ya mtoto anataka kuangalia.