Kompyuta Ikikutoa Katikati ya Gemu, Usikimbilie Kununua Nyingine

Shule zikifungwa, kibanda changu cha kutengeneza kompyuta hapa Kisauni hujaa malalamiko ya aina moja. Kijana yuko dakika ya themanini na kitu ya mechi, anaongoza, ghafla gemu yapotea na skrini yamtaka aandike neno la siri. Au kipanya chaanza kurukaruka chenyewe. Au kitufe cha W chakwama, mchezaji wake akaenda mbele tu mpaka ukutani. Mzazi aliyefuatana naye huja na jibu lake tayari: virusi. Kijana naye ana lake: mashine imezeeka, anunuliwe nyingine. Na wako mafundi wenye jibu la tatu, ambalo ndilo ghali kuliko yote: mazabodi imekufa.

Mimi mazabodi huishuku mwisho. Mara nyingi chanzo ni kitu kidogo ambacho mwenye mashine angekiona mwenyewe nyumbani, lau angejua pa kutazama. Ndio maana nikaona niyaandike haya.

Kwanza tutenganishe mambo, maana watu huyaita yote "imenitoa". Ukiandika neno la siri ukakuta gemu bado iko pale pale ulipoiacha, hukutolewa. Skrini ilifungwa tu. Ukiingia ukakuta hakuna kitu kilichofunguliwa, hapo ndipo umetolewa kwenye akaunti kweli. Ukiona nembo ya kiwanda ikitokea kwanza kabla ya Windows, basi mashine ilizimika na kuwaka upya. Na kama kompyuta haina neno lakini gemu yenyewe ndiyo inayokwambia uingie tena, tatizo liko kwenye akaunti ya gemu. Hizi ni kesi nne, na kila moja ina mshukiwa wake. Fundi asiyekuuliza ni ipi kati ya hizo anabahatisha kwa pesa zako.

Tuanze na kufungwa kwa skrini, kwa sababu ndiyo inayonijia zaidi. Kwenye Windows, ukibonyeza kitufe chenye nembo ya Windows pamoja na L, skrini hufungwa papo hapo. Kitufe hicho kimekaa kati ya Ctrl na Alt, pale pale kidole kidogo cha mchezaji kinapopapasa akitaka kuchuchumaa. Mkono wa kulia ukiigusa L kwa bahati mbaya, mechi imekwisha. Kibodi nyingi za gemu zina namna ya kukizima kitufe hicho, aghalabu kwa kubonyeza Fn pamoja nacho, au kwa kitufe maalumu chenye alama ya kufuli. Kwa kibodi za kawaida za mezani nimeona vijana wakikibandua kabisa na kukiweka mfukoni. Si ubunifu mbaya.

Kuna mtego mwingine wa vitufe ambao huwapumbaza hata watu wazima. Ukibonyeza Shift mara tano mfululizo, Windows hukuuliza kama unataka Sticky Keys, huduma iliyowekwa kwa watu wasioweza kubonyeza vitufe viwili kwa pamoja. Katika gemu Shift ni ya kukimbia, kwa hivyo mara tano si nyingi. Kisanduku kikitokea, gemu hujikunja, na mchezaji aliyehamaki hubonyeza Enter bila kusoma. Ameshakubali. Tangu hapo kitufe cha Windows akikigusa mara moja hubaki kama kimeshikwa, na L itakayofuata itafunga skrini. Ndugu yake Sticky Keys anaitwa Filter Keys: huamka ukishikilia Shift ya kulia kwa sekunde nane, na akishaamka kibodi hupuuza mibonyezo ya haraka. Kibodi kama hiyo huletwa kwangu ikisemwa imekufa, na mimi huirudisha ikiwa hai bila kugusa bisibisi. Huduma hizi mbili huzimwa kwenye mipangilio ya Windows, sehemu ya Accessibility, chini ya kibodi. Zima pia njia zake za mkato, la sivyo zitarudi kesho.

Anayecheza kwa pedi ana jambo lake. Mara nyingi Windows haihesabu mibonyezo ya pedi kama kazi, bali hutazama kibodi na kipanya. Gemu isipoiambia mashine kwamba mtu yuko macho, dakika zikitimia skrini huzimika au hufungwa wakati wewe uko katikati ya kona. Ongeza muda wa skrini na wa kulala kwenye mipangilio ya umeme.

Kisha kuna ile ya simu. Tangu mwaka 2017 Windows 10 ilipopata Dynamic Lock, kompyuta inaweza kuunganishwa na simu kwa Bluetooth, na simu ikienda mbali mashine hujifunga baada ya muda mfupi. Nilikuwa na mteja mmoja aliyeapa kuwa laptopu yake ina jini, maana ilijifunga kila jioni saa za magharibi. Kumbe ni saa ambayo dadake huichukua simu kwenda kununua mahamri.

Sasa tuje kwa kutolewa kabisa na kuzimika. Hapa huhitaji kubahatisha, kwa sababu Windows huweka daftari. Andika eventvwr kwenye kisanduku cha kutafutia, ufungue Windows Logs, kisha System, utafute saa ile ile tatizo lilipotokea. Namba chache zinatosha. 7002 kutoka Winlogon ni mtumiaji kutoka kwenye akaunti. 1074 ni programu fulani iliyoamuru mashine izimwe au iwashwe upya, na jina la programu hiyo limeandikwa hapo hapo. 41 na 6008 ni mashine kuzimika bila kuaga: stima, joto, au kitu kilichokwama kabisa. 4101 ni draiva ya kadi ya picha iliyoacha kuitika kisha ikaamka tena, na hapo skrini huwa nyeusi kidogo kabla ya kurudi. Kwa hivyo mtu akikwambia haiwezekani kujua, mwambie afungue daftari kwanza.

Mama mmoja alivuka na feri kutoka Likoni, laptopu ameizungushia leso ndani ya kikapu. Mwanawe huitumia mchana kwa kazi ya kunakili mahojiano ya wateja wa ng'ambo, na usiku huchezea gemu. Ilikuwa ikijizima na kuwaka upya, gemu au kazi, na kazi mbili zilikuwa zimempotea kwa kuchelewa. Nyumbani lawama zote zilikuwa za gemu, na kijana alikuwa amekatazwa asiiguse usiku. Fundi mmoja alishamtajia mama shilingi 14,000 za mazabodi, na pesa hizo alikuwa anazingojea kwenye zamu yake ya chama. Nilipofungua daftari nilikuta 1074 zimejipanga, kila moja saa moja kamili baada ya mashine kuwashwa. Kitu kilichokufa hakifi kwa ratiba. Jina la programu lilikuwa pale: programu ya kuhesabu muda wa wateja wa saiba. Laptopu ilinunuliwa mkono wa pili, muuzaji aliitoa kwenye saiba iliyofungwa, na hakuna aliyeisafisha. Kila saa moja ikiisha, mashine iliamini mteja amemaliza pesa zake.

"Fundi, ni hiyo tu?" mama aliniuliza.

"Ni hiyo tu, mama."

Akauliza tena, na nikamwonyesha tena.

Mashine za mitumba zinazoingia kutoka ofisi za ng'ambo nazo huwa na mizigo ya namna hii. Ukiona kwenye mipangilio maneno ya kwamba baadhi ya mambo yanasimamiwa na shirika lako, na wewe huna shirika, ujue masharti ya mwenye mali wa kwanza bado yako ndani, yakiwemo ya kufunga skrini baada ya dakika chache. Dawa yake ni kufuta na kuweka Windows upya, si kubadilisha chuma. Na wazazi waliowahi kuweka saa za watoto kwa Microsoft Family Safety, jamani, kumbukeni kuwa mliziweka.

Daftari likionyesha 41 peke yake, tazama ukuta na feni. Taa ya chumba ikipepesa au feni ya juu ikipunguza mwendo wakati ule ule, ni stima, na kompyuta ya mezani bila UPS haina ujanja. Laptopu ambayo betri yake imechoka na chaja imelegea pale inapochomekwa huzimika ukiusogeza waya tu. Lakini ikiwa inazimika baada ya robo saa ya gemu nzito, na kwa kuandika barua haizimiki, hilo ni joto. Vumbi letu la pwani hushikana na unyevu likawa kama blanketi kwenye feni. Safisha, badilisha ile pesti ya joto iliyokauka juu ya prosesa, na usicheze ukiwa umeilaza kwenye godoro.

Kuhusu vifaa vya mkono. Kabla ya kununua kibodi mpya, bonyeza Windows, Ctrl na O ili kibodi ya kwenye skrini ijitokeze. Kitufe unachokibonyeza huonekana kikiwaka pale. Kikiwaka chenyewe bila wewe kukigusa, kimekwama, na mara nyingi ni sharubati ya ukwaju iliyomwagika wiki iliyopita. Jaribio jingine zuri zaidi: washa mashine uingie kwenye BIOS. Kibodi ikisumbua hata huko, ubovu ni wa chuma. Ikiwa sawa huko na kusumbua ndani ya Windows, tafuta draiva au mipangilio.

Lakini kuna shida ambayo si ubovu hata kidogo. Chini ya vitufe vya kibodi rahisi kuna nyaya zilizopangwa kama jamvi, za kwenda mbele na za kukata, na kila kitufe ni makutano ya mbili. Ukibonyeza vitufe vitatu vilivyokaa kwenye pembe tatu za mstatili, umeme huzunguka na kibodi hudhani hata cha nne kimebonyezwa. Ili kuepuka uongo huo, kiwanda huifanya ikatae kitufe cha tatu. Ndio maana ukikimbia mbele na kushoto huku unataka kuruka, haruki. Na ndio maana watoto wawili wakigawana kibodi moja hugombana: mmoja akishikilia vitufe vyake, mwenziwe mpira haupigiki, akaona anadhulumiwa. Mpe mmoja pedi. Kibodi zenye kinga dhidi ya jambo hili zipo, na ndizo mtu hulipia zaidi kwa haki.

Baadhi ya kibodi za gemu za bei ndogo zina ujanja mwingine: Fn na W hubadilishana kazi za W, A, S, D na za mishale. Bonyeza tena Fn na W, zitarudi.

Kipanya kinachobonyeza mara mbili unapobonyeza moja kimechakaa swichi, na hicho kweli kinunuliwe. Kinachokatakata kwenye meza ya kioo kina njaa ya kitu cha kuona; kiwekee kitambaa au karatasi. Cha bila waya kinachopotea kila ukichomeka diski kwenye tundu la USB 3.0 kinasumbuliwa na kelele za redio, kwa sababu mawimbi ya tundu hilo huingia hadi kwenye masafa ya 2.4 GHz ambayo kipanya hutumia. Kihamishie kipokezi chake upande wa pili wa mashine. Na kama kifaa kinapotea baada ya kutulia kidogo kisha kinarudi, fungua Device Manager, nenda kwa USB Root Hub, uondoe ruhusa ya kompyuta kukizima ili kuokoa umeme.

Mshale ukicheza ngoma pale tu chaja inapochomekwa, ukitulia chaja ikitoka, kosa ni la chaja mbovu au soketi isiyo na waya wa ardhi. Jaribu chaja ya asili, na ukuta mwingine.

Lakini laptopu ikianza kujibonyeza yenyewe hata bila chaja, sahani ya kugusa imekuwa ngumu au imeinuka, au mfuniko haufungi vizuri kama zamani, acha kucheza saa hiyo hiyo. Betri iliyo chini yake inavimba. Zima mashine, chomoa chaja, usiitoboe wala kuikandamiza irudi, na usiichaji tena. Hii ndiyo kesi moja ambayo sisemi ujaribu nyumbani.

Ikiwa ni akaunti ya gemu ndiyo inayokutoa, tazama saa ya kompyuta. Betri ndogo ya CR2032 ikifa, saa hurudi nyuma miaka, na seva za mtandaoni hukataa kukutambua. Saa ikiwa sawa na bado unatolewa, yawezekana mtu mwingine anaingia kwa jina lako; badilisha neno la siri ukitumia kifaa kingine, ondoa vifaa vyote, na uwashe uthibitisho wa hatua mbili. Gemu za bure za kwenye flashi ni njia mojawapo ya kuibiwa hivyo.

Ukishindwa, njoo kwa fundi ukiwa na karatasi: saa ilipotokea, gemu ipi, chaja ilikuwa imechomekwa au la, na namba uliyoikuta kwenye daftari. Akitaja mazabodi, mwombe akuonyeshe alichokiona kabla hujatoa hata shilingi.