Mstari wa Mwani Ushongo

Familia hutoka Dar es Salaam asubuhi, ikapita Chalinze na Segera, ikanunua machungwa Muheza, ikavuka mto Pangani hadi upande wa Bweni. Ikifika Ushongo, jua limeshazama. Mbele yao kuna mchanga mpana, tambarare, mgumu kama sakafu, na bahari iko mbali. Hema linasimamishwa hapo hapo. Ndipo mlinzi wa kambi anapokuja na tochi yake.

“Shikamoo babu, kwani tumekosea?”

“Marahaba, mama. Hapo mmelala kitandani mwa bahari.”

Mzee huyu alivua samaki ujana wake wote. Hagombi. Anawachukua watoto na kuwaonyesha mstari wa mwani ulioachwa na maji. Kumbe iko miwili. Wa chini umelowa bado, kijani, unateleza chini ya kidole. Hatua kadhaa juu yake kuna mwingine, mweusi, uliokauka, umechanganyika na vifuu, mbegu za mikoko na vipande vya ndala. Anauokota, anaufikicha kiganjani mpaka unakuwa vumbi. “Wa chini ni wa leo. Huu uliachwa na bamvua. Lala juu ya huu.” Kisha anawapandisha zaidi, hadi pale majani yatambaayo yenye maua ya zambarau yanapoanza, karibu na mivinje. Mmea huo, anasema, haukai mahali maji yanapofika kila mara. Kwenye minazi hawapeleki: nazi haichagui kichwa.

Katika mazungumzo yangu na mzee huyu, jambo lililonikaa moyoni ni kalenda. Kila mtu wa pwani anajua kwamba bamvua, siku za maji makubwa, huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Katika pwani yetu, siku hizo maji hujaa mnamo saa 10 jioni, na tena saa 10 alfajiri; tofauti ya kupwa na kujaa hufikia mita 3 na zaidi. Anayefika magharibi hukuta maji yanapwa, ufuo unazidi kupanuka, naye anauamini. Maji hurudi watoto wakiwa usingizini.

Sasa tazama ni lini tunakwenda baharini. Idd el Fitri ni mwezi mwandamo: bamvua, kila mwaka. Pasaka ni Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa kwanza kuanzia Machi 21, kwa hiyo bamvua huangukia wiki hiyo hiyo au siku chache kabla, tena katika majira ambayo maji ya bamvua huwa makubwa kuliko ya miezi mingi. Sikukuu mbili tunazozipenda kwa safari za familia zimefungwa kwenye mwezi ule ule unaoivuta bahari. Mzee alishangaa kwamba nilishangaa. “Sisi tulifunga nyavu kwa hesabu hiyo. Nyinyi mnafunga mahema.”

Nilimuuliza kwa nini hakuna ubao wa kuwaambia wageni. Alisema hajawahi kuombwa kuuandika. Walinzi vijana, wengine wametoka bara, hujifunza kwake, wakibahatika kupangwa zamu naye. Nani atawaonyesha akistaafu?

Na kuna lingine ambalo hana jibu lake. Mstari mweusi, anasema, unapanda. Baadhi ya mivinje aliyokuwa akifungia ngalawa sasa mizizi yake iko nje, imening'inia. Mahema atayahamishia wapi, wakati nyuma ya mivinje hiyo kuna ua wa watu?

Wenye kambi, mwandikieni mzee huyu ubao wake angali zamuni. Nawe unayepanga safari ya sikukuu, tazama mwezi uko siku ya ngapi kabla ya kulipia nafasi ya hema, na ukifika, msalimie mlinzi, kisha muulize maji ya alfajiri yanafika wapi.