Kwa Nini Picha za Kale Zinang'aa Kama Mbalamwezi?

Ukiona picha isiyokuwa kali, utasema nini? Mimi nilisema mpiga picha alikuwa amelewa. Maneno hayo niliyatamka maktabani muhula wa kwanza, tulipokuwa tukitafuta picha za kupamba jarida hili. Katika kitabu kimoja kikuukuu tulikuta mzee Mwingereza, nywele nyeupe zimemsimama kama bundi aliyenyeshewa, na mwanga laini umemzunguka usoni. Tulicheka mpaka tukafukuzwa.

Mwalimu wetu wa fizikia alitukuta mlangoni. "Huyo mnayemcheka," akasema, "ni Sir John Herschel, aliyegundua dawa ya kuifanya picha isifutike. Na mama aliyempiga picha hiyo mwaka 1867 alijua vizuri sana anachokifanya."

Mama huyo ni Julia Margaret Cameron. Alizaliwa Calcutta, India, mwaka 1815, na alipewa kamera yake ya kwanza na bintiye na mkwewe akiwa na umri wa miaka 48. Umri wa nyanya! Wakosoaji wa London walimdhihaki kwamba hajui kutafuta fokasi. Lenzi zake, kwa hakika, hazikuundwa kwa ajili ya ulaini. Alilifungua tundu sana, waliopigwa picha wakakaa kwa muda mrefu wakitikisika kidogo, naye akaupenda ulaini uliotokea. Baada yake watu wakauliza: je, hatuwezi kuunda lenzi inayofanya hivyo kwa makusudi?

Kamera za wakati huo hazikuwa vitu vya kutia mfukoni. Zilikuwa makasha makubwa ya mbao, katikati yana ngozi iliyokunjwakunjwa kama kodiani ya mwomboko, na nyuma kioo chenye ukungu. Mpiga picha alijifunika kitambaa cheusi akaiona sura ya mtu imesimama kichwa chini miguu juu. Kisha alikiondoa kioo hicho, akaweka bamba lenye dawa, mara nyingi lenye upana wa sentimita 20 kwa 25. Bamba kubwa kama hilo halikuhitaji kukuzwa, kwa hiyo kila chunusi na kila kunyanzi lilitoka lilivyo. Mafundi wengi walikaa na penseli iliyochongwa wakizifuta kasoro kwenye bamba lenyewe, moja baada ya nyingine. Fikiria kazi hiyo!

Sasa tuingie kwenye fizikia, nanyi wa kidato cha nne msisinzie. Lenzi iliyobenuka hukusanya miale ya mwanga. Tunachora miale yote ikikutana mahali pamoja, tunapata maksi, tunaenda zetu. Ukweli ni kwamba mchoro huo unadanganya kidogo. Miale inayopitia pembeni mwa lenzi hupindwa zaidi, hivyo hukutana karibu na lenzi kuliko ile inayopita katikati. Kwa watengenezaji wengi hiyo ni kasoro, nao hutumia vioo kadhaa kuiondoa. Lakini ukiiacha, ajabu hutokea. Miale ya katikati huchora sura kali, na ile ya pembeni huitandazia juu yake utaji mwembamba wa mwanga. Ndiyo maana picha hizi si sawa na picha iliyokosa fokasi. Iliyokosa fokasi haina ukali popote. Hii ya lenzi laini unaweza kuzihesabu kope za macho, na bado uso mzima unang'aa.

Mwaka 1866 John Henry Dallmeyer wa London alisajili lenzi ambayo kipande chake cha nyuma kililegezwa kwa kuzungushwa, kasoro ikaingia kwa kipimo alichotaka mpiga picha. Kule Boston, Marekani, kampuni ya Pinkham & Smith ilisugua lenzi zake kwa mkono, na wasanii kama Alvin Langdon Coburn walizipenda. Wollensak wa Rochester waliuza lenzi iliyoitwa Verito. Tundu lake likiwa wazi kabisa, yaani namba 4, picha ilikuwa laini kama usufi, na likifika namba 8 ulaini ulikuwa karibu kwisha. (Namba ikipanda, tundu hupungua. Msichanganyikiwe.)

Inayonifurahisha zaidi ni Imagon ya Wajerumani, ya mwanzoni mwa miaka ya 1930, iliyobuniwa na mpiga picha Heinrich Kühn pamoja na mtaalamu wa lenzi Franz Staeble. Mbele yake huwekwa kisahani chenye tundu kubwa katikati na vitundu vidogo pembeni, mfano wa chujio la chai. Vitundu hivyo vikifunguliwa, miale ya pembeni inaingia na utaji unazidi. Vikifungwa, utaji unapungua.

Wako waliochukizwa. Mwaka 1932, katika eneo la San Francisco, Ansel Adams, Edward Weston na wenzao waliunda kundi wakaliita f/64, namba ya tundu dogo sana linaloonyesha kila kitu kwa ukali. Kwao ulaini ulikuwa uzuri wa mkakasi. Tena Weston mwenyewe alikuwa amepiga picha laini miaka ya nyuma!

Mwalimu hakutuacha na maneno matupu. Alitupa kioo cha kukuzia, kile kikubwa cha kusomea. Tukakipachika kwenye katoni, tukaweka karatasi ya kunakilia nyuma, tukatafuta blanketi la bweni la kujifunika. Tukahitaji mtu wa kukaa juani.

Aliyejitolea ni rafiki yangu ambaye hataki nimtaje jina. Shavu lake la kushoto lina kovu kubwa, kwani alimwagikiwa na uji wa moto angali mtoto. Huyu, mwenzangu, tangu kidato cha kwanza hajawahi kusimama kwenye picha ya darasa. Siku hiyo husema tumbo linamuuma. Nadhani alikubali kwa sababu katoni letu halikuwa na bamba, hivyo hakuna kitakachobaki.

Nikajifunika. Lo! Uso wake ulikuwa umepinduka, unang'aa, shati jeupe linatoa mwanga kama taa ya karabai. Nikaweka mbele ya kioo karatasi ya manila yenye tundu la sentimita mbili: picha ikafifia, lakini ikawa kali. Nikaiondoa, mwanga ukarudi.

"Unaona nini?" akauliza. Yeye ndiye pekee asiyeweza kuiona picha yake.

"Naona uso."

"Kovu liko?"

Ningeweza kumdanganya. Zile programu za simu zinazolainisha ngozi zingelifuta kabisa, zikampa shavu la mtu mwingine. Lakini lenzi ile haikufuta kitu. Kovu lilikuwepo, na mkunjo wake karibu na sikio niliuona, ila halikuwa tena kitu cha kwanza machoni mwangu. Nilianza kuona macho.

"Liko," nikamwambia. "Lakini si lenyewe linalotangulia."

Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Haya toka, na mimi nikuone wewe." Akakaa chini ya blanketi muda mrefu kuliko sisi sote, akiweka na kuondoa ile manila. Kuhusu pua yangu alisema mambo ambayo mhariri hatayachapisha.

Wiki mbili baadaye mpiga picha wa kukodiwa alikuja na kamera kali ya kisasa kupiga picha za madarasa. Rafiki yangu alisimama mstari wa pili. Alipoambiwa ageuke kidogo ili shavu lisionekane, alikataa, akatazama mbele.

Katoni letu bado liko kwenye kabati la maabara, rafu ya chini. Anayetaka kulijaribu aje Jumamosi saa nane mchana, jua likiwa kali, na aje na blanketi lake mwenyewe. Langu lilipotea siku ile ile.