Chumvi na Chokaa: Kinachoziba Mabomba Yetu ni Kipi?

"Mkwe wangu, huu mfereji wenu waniuma mkono."

Maneno hayo alinambia mama mkwe alipotoka kuoga, siku ya pili tangu afike kwetu Mombasa. Nilipougusa mfereji wa shawa, nikahisi umeme ukinitambaa vidoleni. Nikazima swichi kuu, nikampigia simu fundi. Alipoifungua ile shawa ya umeme, koili ilikuwa imevaa ukoko mweupe mgumu, kama ule wa chini ya sufuria ya wali, na chini ya ukoko ilikuwa imepasuka. Waya wa athi nao haukuwa umeungwa.

"Chumvi hiyo," akasema fundi.

Hivyo ndivyo tusemavyo sote tunaotumia maji ya visima. Lakini chumvi ikitiwa maji huyeyuka. Nilikitia kipande cha ukoko ule katika kikombe cha maji, hakikuyeyuka. Nikakikamulia ndimu, kikachemka mapovu. Hapo nikajua kuwa kile ni chokaa.

Ndugu msomaji, tofauti hii si ya maneno tu. Asiyeijua hununua mashine isiyomfaa.

Mji wetu umekaa juu ya jiwe la matumbawe, lile lile ambalo wazee walilichoma kwenye tanuu wakapata chokaa ya kujengea nyumba za Mji wa Kale na za Lamu. Mvua inyeshapo, maji hubeba hewa ya kaboni kutoka angani na udongoni, yakawa na ukali kidogo. Yakipenya chini huyeyusha lile jiwe taratibu na kubeba madini ya kalsiamu na magnesiamu. Maji ya namna hiyo huitwa maji magumu. Maji yenye zaidi ya miligramu 180 za madini hayo kwa lita, yakipimwa kama chokaa, huhesabiwa magumu sana. Chini ya miligramu 60 ni laini.

Chumvi ina njia yake nyingine. Huingia kisimani kutoka baharini, hasa tunapovuta maji mengi kuliko yale ambayo mvua hurudisha. Kwa hiyo kisima kimoja chaweza kuwa na yote mawili.

Kazi zao nyumbani ni mbalimbali. Chumvi hula chuma: mabomba ya madini hutoboka, koki hushika kutu. Pia maji ya chumvi hupitisha umeme kwa wepesi, ndiyo maana madukani kuna shawa za maji ya kawaida na shawa za maji ya chumvi, ambazo koili zake zimefunikwa. Ugumu hauli, bali hupiga lipu. Maji yakipata moto, yale madini yaliyoyeyuka hugeuka tena kuwa jiwe na kuganda palipo na joto zaidi, yaani kwenye koili, ndani ya hita na kwenye birika la chai. Koili iliyovikwa jiwe hushindwa kutoa joto lake nje, hupata moto kupita kiasi, mwisho hupasuka. Matundu ya shawa huziba, bomba hupungua upana, sabuni haitoi povu, na nguo hukakamaa.

Kuyanywa maji magumu, kwa ugumu wake tu, si hatari kwa afya. Hasara iko kwenye vyombo.

Utajuaje shida yako? Ukoko mweupe kwenye birika, unaochemka ukitiwa ndimu, ni dalili ya ugumu. Ladha ya chumvi ulimini ni dalili ya chumvi. Lakini kabla ya kutoa pesa nyingi, peleka maji maabara yapimwe ugumu, chumvi na vijidudu.

Kwa ukoko uliokwisha kuganda, siki yatosha. Fungua kichwa cha shawa, kilaze ndani ya siki saa chache, kisha kisugue na ukisuuze. Usichanganye siki na jiki hata kidogo, kwani hutoa hewa ya sumu.

Kuchemsha maji na kuyaacha yatulie hupunguza sehemu ya ugumu, lakini hakutoi chumvi.

Mashine ya kulainisha maji ina chembechembe zinazonasa kalsiamu na kuachia sodiamu mahali pake. Huoshwa kwa maji ya chumvi kila baada ya muda, basi ujue kuna gharama ya chumvi hiyo. Hulinda hita vizuri, ila haiondoi chumvi iliyomo kisimani. Mwenye presha na amuulize daktari kwanza kabla ya kuyanywa maji yake.

Mashine ya kusukuma maji kwa nguvu kupitia utando mwembamba huondoa chumvi na ugumu pamoja. Ni ghali, na humwaga sehemu ya maji. Wengi huweka ndogo jikoni, kwa maji ya kunywa tu. Zile sumaku za kufungwa kwenye bomba ushahidi wake haujatulia, usianze nazo.

Na kuna dawa ya zamani. Maji ya mvua hayajagusa jiwe, basi ni laini. Wenzetu wa visiwa vya Lamu walijenga majabia kuyahifadhi tangu zamani. Mwenye paa la mabati na tangi safi anaweza kufanya vivyo hivyo.

Mimi nilikaribia kununua mashine ya kulainisha maji. Majibu ya maabara yakaonyesha chumvi nyingi na ugumu mwingi pamoja, kwa hiyo ile peke yake isingetosha. Nikatenga mabomba. Maji ya kisima huenda chooni na kwenye kudekia. Maji ya mvua na ya kaunti huingia tangi dogo la shawa na jikoni. Nikanunua shawa ya koili iliyofunikwa, kwa sababu siku ambazo tangi dogo hukauka hurudi kwenye kisima, na waya wa athi ukaungwa nikiwa nasimama pale pale.

Mama mkwe ameshaoga tena. Safari hii alilalamika tu kwamba maji yalikuwa moto mno.